Siku za Hasi

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja alasiri katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, mbele ya wanachama wa sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wafanyabiashara wa soko. Nimeyaandika kutoka kwenye karatasi niliyokuwa nayo na kutoka kwenye rekodi ya simu ya katibu. Nimeondoa marudio, na mizaha miwili isiyoandikika.

Mwenyekiti, mweka hazina, wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha, hamjambo?

Katibu aliponipigia alisema, "Mwalimu, njoo utuambie kama mikopo ni mizuri au ni mibaya." Nilimwahidi kuja, lakini swali lake sitalijibu. Ni sawa na kuniuliza kama mvua ni nzuri. Umeanika nguo, au umepanda sukuma?

Kabla sijaendelea, toeni simu. Fungueni meseji, mrudi hadi tarehe moja ya mwezi uliopita. Hesabuni siku ambazo mlilala na deni dogo: la simu, la duka, la jirani, la shailoki, yule mkopeshaji wa mtaani. Msihesabu pesa, hesabuni siku. Usinionyeshe mimi, wala aliye kando yako. Iweke namba hiyo kichwani, tutairudia.

Mimi nimekulia Umoja. Mama alikuwa na daftari kwa mwenye duka, lile la kurasa thelathini na mbili lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Unga, mafuta ya taa, sabuni ya kipande, vyote viliandikwa humo. Mwenye duka hakutoza riba hata senti. Lakini wiki ya mwisho ya mwezi, sisi watoto tuliambiwa tupite njia ya nyuma kwenda shule, ile yenye mtaro, ili tusionekane dukani. Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba ile ilikuwa riba. Tuliilipa kwa viatu vilivyolowa.

Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nikisoma tafiti za mikopo ya matumizi, yaani mikopo ambayo mtu hachukui ili anunue ng'ombe au cherehani, bali ili afike mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo nilikuwa natembea Kayole na Dandora na karatasi ya maswali, nabisha mlango baada ya mlango. Na kila nikisoma takwimu huwa nakumbuka ule mtaro.

Niwape takwimu chache, si nyingi. Nchini kwetu kuna uchunguzi mkubwa uitwao FinAccess, unaofanywa na Benki Kuu, Shirika la Takwimu la Taifa na FSD Kenya, shirika la kuendeleza sekta ya fedha. Ulipofanywa mara ya kwanza mwaka 2006, watu wazima waliokuwa wakitumia huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 26.7. Mwaka uliofuata, Machi 2007, M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ikaja. Kufikia 2024 asilimia hiyo ilikuwa 84.8. Dunia nzima ilikuja kutupiga picha. Sisi ndio mfano, Kenya ndiyo darasa.

Sasa uchunguzi huohuo una kipimo kingine ambacho hakipigwi picha sana. Unauliza: je, mtu huyu anaweza kuendesha maisha ya kila siku kwa pesa alizonazo? Likimpata jambo, atalihimili? Ana chochote anachowekeza kwa ajili ya kesho? Wanaopita mtihani huo wanaitwa wenye afya ya kifedha. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 39.4. Mwaka 2019 wakawa 21.7. Mwaka 2021 wakashuka hadi 17.1, na 2024 wakapanda kidogo tu, 18.3.

Mmeiona? Mlango umefunguliwa, watu wameingia, na walio ndani wanazidi kuwa wagonjwa. Tahadhari lakini: sisemi mlango ndio uliowafanya waugue. Katikati hapo kulikuwa na ukame, korona, bei ya unga na ya mafuta. Ninachosema ni kwamba tulikuwa tunahesabu wanaoingia hospitali, tukadhani tunahesabu wanaopona.

Wamarekani nao walikuwa na tatizo la kipimo. Ofisi yao ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha ilikaa chini na watu wa kawaida, ikawauliza: kwenu nyinyi, kuwa sawa kifedha ni nini? Mwaka 2015 wakatoa jibu lenye sehemu nne: uitawale pesa yako ya siku kwa siku, uweze kuhimili pigo, uwe njiani kuelekea malengo yako, na uwe na uhuru wa kuchagua yanayokufurahisha. Hakuna mahali palipoandikwa "uwe na mshahara mkubwa". Wala hapajaandikwa "usiwe na deni". Ninyi mnajua hili kuliko mimi. Kuna mtu ana laki mbili za sacco, analipa kila mwezi, analala fofofo. Mwingine ana deni la mia nane na hapokei simu.

Basi tuje kwa mikopo ya simu. M-Shwari ilianza Novemba 2012. Unakopa, unalipa baada ya siku 30, na ilipoanza ada ilikuwa asilimia 7.5. Watafiti watatu, Tavneet Suri, Prashant Bharadwaj na William Jack, walitaka kujua kama mikopo ile inasaidia nyumba. Ugumu wa swali hilo ni kwamba anayekopa na asiyekopa si watu wa aina moja. Ukimlinganisha mwenye kibanda cha nguo Gikomba na mwalimu aliyestaafu Nyeri, umelinganisha nini?

Wakatumia ujanja mzuri. Mfumo wa mkopo huwapa watu alama. Aliye juu kidogo ya mstari anapata, aliye chini kidogo ananyimwa. Wawili hao ni kama mapacha, tofauti yao ni alama moja ambayo hata wao hawaijui. Basi linganisha hao. Wakakuta kwamba waliopata nafasi ya kukopa, jambo baya lilipowapata, uwezekano wa kuacha matumizi muhimu ulishuka kwa pointi 6.3 za asilimia. Maana yake mtoto hakutolewa shule, dawa haikuachwa nusu.

Sasa wale wanaosema mikopo ya simu ni sumu tupu, utafiti huo wauweke wapi? Na wale wanaosema imetutajirisha, nao wautazame vizuri, maana haukuonyesha utajiri. Ulionyesha kwamba nyumba iliyopigwa haikuanguka. Kumbe hicho kitu kazi yake ni kama ya bima. Ni mwavuli.

Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndipo tunapopotea. Mwavuli ni wa siku ya mvua. Sisi tumeugeuza paa.

Tufanye hesabu. Umekopa 5,000 kwa siku 30, ada asilimia 7.5, hiyo ni 375. Mtoto alikuwa anaumwa, ulilipa hospitali, mtoto amepona. Shilingi 375 kwa mtoto kupona, mimi sina neno, hata ningelipa 700. Lakini mwezi ukaisha, ukalipa 5,375, mfuko ukabaki mtupu, ukakopa tena jioni hiyohiyo. Mwezi uliofuata vilevile. Ukifanya hivyo mara kumi na mbili umelipa ada ya shilingi 4,500, na ile 5,000 bado unadaiwa. Umekodi noti zako tano mwaka mzima kwa bei inayokaribia kuzinunua.

Hapa sacco, kwa riba ile ya kawaida ya asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki tu, mkopo wa 5,000 kwa miezi kumi na miwili unakutoza riba ya shilingi 325 kwa mwaka mzima. Naona mweka hazina anatabasamu. Asitabasamu sana, ulinganisho huo una kilema. Kwenye sacco unalipa deni lenyewe kidogo kidogo, hivyo kwa wastani unatumia kama nusu tu ya pesa ile. Na sacco haikupi pesa saa nane usiku mtoto akiwa na homa. Inakupa baada ya fomu, wadhamini watatu na kikao cha Alhamisi. (Kicheko. Mweka hazina aliacha kutabasamu.)

Kwa nini hesabu hii hatuifanyi? Si kwamba watu ni wajinga. Mama anayeuza nyanya Marikiti anapiga hesabu ya kreti, usafiri na zilizooza kabla hujamaliza kuvaa viatu. Tatizo ni namna bei inavyoandikwa. Asilimia 7.5 inasikika ndogo. Ada ya kila siku inasikika ndogo zaidi.

Kule Marekani kuna mikopo ya wiki mbili mbili ambayo mtu anachukua akisubiri mshahara. Bei yake ya kawaida ni dola 15 kwa kila dola 100. Ukiikokotoa kwa mwaka inakaribia asilimia 390. Watafiti Marianne Bertrand na Adair Morse, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliweka maelezo kwenye bahasha wanazopewa wakopaji. Hawakuandika "usikope", wala hawakuhubiri. Maelezo yaliyofanya kazi vizuri zaidi ni yale yaliyoonyesha utalipa dola ngapi ukiuchukua mkopo upya tena na tena kwa miezi mitatu. Kukopa kukapungua kwa takriban asilimia 11 katika miezi iliyofuata. Kwa wino tu! Dola zilizojumlishwa zilimfikia mtu mahali ambapo asilimia haikumfikia.

Ndiyo maana mimi nawasihi viongozi wenu, kwenye ile karatasi ya mkopo andikeni shilingi. Jumla ya shilingi, kwa herufi nene. Asilimia iwekeni chini kwa ajili ya mkaguzi.

Watafiti wenyewe hawakubaliani, na ni vizuri mjue. Morse huyo huyo, katika utafiti mwingine, alitazama majanga ya asili California. Akakuta kwamba mahali penye wakopeshaji hao wa wiki mbili, watu wachache zaidi walipoteza nyumba zao baada ya janga. Brian Melzer naye akatazama familia zinazoishi karibu na wakopeshaji haohao katika maisha ya kawaida, bila janga, akakuta zinapata shida zaidi kulipa kodi ya nyumba na bili. Mkopo ni uleule. Wa kwanza aliutazama siku ya mvua, wa pili aliutazama ukiwa paa.

Afrika Kusini kuna kisa kinachonisumbua mpaka leo. Dean Karlan na Jonathan Zinman walishirikiana na mkopeshaji mmoja aliyekuwa akitoza karibu asilimia 12 kwa mwezi. Waombaji waliokuwa wamekataliwa kwa kukosa alama kidogo tu, baadhi yao wakapewa mkopo kwa kura. Miezi kadhaa baadaye, waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa bado kazini, na njaa nyumbani kwao ilipungua. Kwa riba kama hiyo! Mtu alitengeneza gari lake, akafika kazini, hakufukuzwa. Lakini utafiti ulioambatana na huo ukapima msongo wa mawazo, na waliopewa mkopo walikuwa na msongo zaidi. Wameshiba zaidi na wana wasiwasi zaidi, watu walewale, nyumba zilezile. Wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Ila hawakutuambia la kufanya kama ile harusi ndiyo iliyookoa kazi ya baba.

Kuna neno moja nataka tulitazame. Januari 2019 ilikuja huduma ya kukuwezesha kutuma pesa hata salio likiwa limeisha. Inaitwa Fuliza. Wangapi hapa wanajua maana ya neno hilo kabla halijawa huduma? (Mzee mmoja wa mbele alinyoosha mkono.) Sema mzee. Ndiyo. Kufuliza ni kufanya jambo mfululizo, bila kusita. Jina lenyewe limesema kila kitu, sisi hatukusikiliza. Kuna ada ya kuingia, asilimia moja. Juu yake kuna ada ya kila siku kulingana na kiasi unachodaiwa, ingawa Oktoba 2022 ada hizo zilipunguzwa na madeni madogo yakapewa siku tatu za bure. Na pesa yoyote ikiingia kwenye simu, deni linajichukua kwanza.

Hapo ndipo namba mliyoiweka kichwani inapoingia. Bei ya deni la namna hii haiko kwenye ukubwa wake, iko kwenye siku. Mtu anayeingia hasi ya 2,000 siku mbili kwa mwezi na mtu anayeingia hasi ya 600 siku ishirini, ukiwauliza wote watakwambia "mimi hukopa kidogo tu". Lakini maisha yao hayafanani kabisa. Wa kwanza ana mwavuli. Wa pili mapato yake ya mwezi hayafiki mwisho wa mwezi, na hilo si tatizo la mkopo tena. Ni tatizo la mapato, au la kodi ya nyumba, au la karo iliyokuja Januari wakati biashara imelala. Mkopo wa siku 30 hauwezi kutibu pengo la miezi mitatu. Unalisogeza tu, na kila likisogea linanenepa.

Serikali nayo imejaribu. Mwaka 2016 sheria iliweka kikomo: benki zisitoze zaidi ya pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Tulishangilia. Benki zikapunguza kuwakopesha wadogo, zikaona heri ziikopeshe serikali yenyewe, na Novemba 2019 kikomo kikaondolewa. Novemba 2022 Hazina ya Hustler ikaja, kuanzia 500 hadi 50,000, asilimia 8 kwa mwaka, na sehemu ya kila mkopo ikiwekwa akiba. Kwa bei, hakuna wa kuishinda. Lakini siku 14 za kulipa ni chache mno kwa mtu anayenunua mali, auze, arudishe, na hapo ndipo mimi ningeigusa kwanza.

La aibu nilizungumze haraka, kwa sababu linanikera. Miaka kadhaa iliyopita nilipigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi na mtu akiniamuru nimwambie fulani alipe deni lake. Fulani huyo tuliwahi kuishi naye ploti moja, hatujaonana miaka mingi. Programu aliyokopa kwayo ilikuwa imechota namba zote za simu yake. Walipiga mpaka kwa mchungaji wake. Sheria ya 2021 na kanuni za Machi 2022 zimeweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya leseni ya Benki Kuu, na kuwapigia simu watu wako namna hiyo kumekatazwa. Kwa hiyo ukipigiwa, usijifiche. Uliza: mna leseni? Orodha ya wenye leseni Benki Kuu huitangaza. Na kama wewe umeajiriwa, jua pia kwamba sheria ya ajira haimruhusu mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara wako. Theluthi moja lazima ifike nyumbani.

Na nyinyi wa sacco sitawaacha hivihivi. Mikopo yenu ni nafuu, hilo halina ubishi. Lakini tazameni ni lini watu wanakopa kwenu. Desemba. Mnaita mkopo wa Krismasi, mnautangaza kwa bango. Halafu Januari mwanachama huyo huyo yuko kwenye simu saa nane usiku akitafuta karo, kwa sababu kwenu ameshajaza. Mmechukua harusi, mmeiachia simu matanga. Mngekuwa na fungu dogo la dharura, la elfu tano, elfu kumi, linalotoka siku hiyohiyo bila mdhamini, kwa dhamana ya akiba ya mtu mwenyewe, mngekuwa mmewanyang'anya wakopeshaji wa usiku kazi yao bila kelele yoyote. Hilo ndilo lililonileta. Mengine yote nimeyasema ili mwenyekiti asinikatize kabla sijafika hapo.

(Maswali yalikuwa mengi, nimebakiza mawili.)

Mama mmoja aliuliza: "Mwalimu, ndugu yangu anataka nimdhamini. Nifanye nini?" Nilimuuliza, akishindwa, wewe utalipa? Akasema hawezi. Nikamuuliza, akishindwa, utamnunia? Akasema ataacha hata kwenda kwao. Basi nikamwambia mkopo huo tayari una bei, na bei yake ni ndugu. Kama unayo elfu mbili ya kumpa bure, mpe hiyo, useme ndiyo hiyo. Akasema elfu mbili anaweza.

Watu walipokuwa wakitoka kwenda kwenye chai, kijana mmoja wa wale waliosimama nyuma alinifuata hadi langoni. Anauza vifuniko vya simu, Barabara ya Jogoo. Alikuwa amehesabu. Alinionyesha skrini ingawa nilikataza: siku 23. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama na Jumapili inahesabiwa, kwa sababu Jumapili huwa hafungui. Nikamwambia inahesabiwa.